Imepunguzwa, imepungua au imepunguza? Maneno ya kumwambia mtumiaji prosesa inapobana umeme

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia maabara ya kompyuta katika shule ya sekondari huku Morogoro. Tuna kompyuta mpakato 22 za mtumba, zote zinatumia Linux. Umeme wetu ni wa sola, kwa hiyo nimeziwekea mpangilio wa kubana matumizi. Nimeandika programu ndogo inayoonyesha hali ya prosesa pembeni mwa skrini. Inasema: “Nguvu ya prosesa imepunguzwa: IMEWEZESHWA.” Wiki hiyohiyo walimu wawili wakaja kuniambia mashine zao zimeharibika, na mmoja alikuwa ameshapeleka yake kwa fundi. Niandikeje? Na je, nitafsiri pia zile taarifa za keneli (kiini cha Linux) zinazotoka kwenye amri ya dmesg?

JIBU: Mwalimu, salaam. Pole kwa mashine iliyokwisha kufika kwa fundi. Ujumbe wako hausemi uongo, ila unasomeka kama taarifa ya ajali. Mtu anaona “nguvu”, anaona “imepunguzwa”, halafu anakutana na herufi kubwa. Daktari angeandika hivyo kwenye cheti chako, usingelala.

Tuanze na hiyo “nguvu”. Kwa msomaji wetu, kompyuta yenye nguvu ni ile inayofungua faili kubwa bila kukwama. Ukimwambia nguvu imepungua, ameelewa kwamba mashine imechoka. Kinachopungua kwako ni umeme unaoliwa, basi taja umeme. Na kitenzi tunacho, tunakitumia kila mwisho wa mwezi: kubana matumizi. Anayebana matumizi hajafilisika, ana mpango wake. “Prosesa inabana umeme” haina harufu ya ubovu hata kidogo. Simu za Android kwa Kiswahili zimechukua “Kiokoa Betri”, na watu wamelizoea, kwa hiyo kwenye simu liache. Kwenye mashine zako mimi ningebaki na kubana. (Nasema prosesa kwa sababu ndivyo mafundi wa Kariakoo wanavyosema. Ukipenda kichakataji, sawa, ila usiweke hili kwenye dirisha moja na lile kwenye jingine.)

Neno, hata hivyo, ndilo kosa dogo. Nadhani kilichowatisha walimu wako ni mnyambuliko wa kitenzi. Ziweke hizi tatu kwenye skrini uzitazame kwa jicho la mtu asiyejua kitu:

Kasi imepunguzwa.
Kasi imepungua.
Prosesa imepunguza mwendo.

Ya kwanza ina mkono wa mtu. Msomaji anaanza kumtafuta: ni mkuu wa shule? Ni kirusi? Ya pili haina mtu, na hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu kitu kinachopungua chenyewe, kama maji kwenye tangi, kina mahali kinapovuja. Ya tatu ina mtendaji, naye ni prosesa yenyewe. Imepunguza mwendo kama dereva wa daladala anavyopunguza mwendo akiona tuta, na sijawahi kusikia abiria akilalamika tutani kwamba basi limekufa.

Zote tatu ni Kiswahili safi na kila moja ina mahali pake. Ikiwa wewe msimamizi ndiye uliyeweka kikomo, jitaje: “Msimamizi ameweka kikomo cha kasi: MHz 1600.” Mwalimu akikwazika atajua aje kwako, hatakwenda kwa fundi. Ikiwa prosesa imejiamulia, ipe utendaji: “Prosesa imepunguza mwendo ili ipoe.” “Kasi imepungua” peke yake sijapata siku ya kuihitaji.

Mambo ni hayohayo kwenye kuwasha na kuzima. “Imezimwa” maana yake kuna aliyezima. “Imezimika” ni taa iliyokufa. “Haijawashwa” inaacha mlango wazi: bado, lakini inawezekana. “Haiwashiki” inafunga mlango, yaani mashine hii haina uwezo huo. Katika programu nyingi zilizotafsiriwa nimekuta hali zote nne zimeandikwa “imelemazwa”, neno ambalo mtu mwenye ulemavu akilisoma ana haki ya kukuuliza una maana gani. Nimewahi kuona pia “prosesa imekabwa”. Mtafsiri alikuwa na nia njema, ila huku kwetu kukabwa ni kupigwa roba uchochoroni.

Njeo nazo zigawie kazi. Kile kinachokaa pembeni mwa skrini muda wote kinataka -na-: “Prosesa inabana umeme.” Taarifa inayojitokeza mara moja na kuondoka inataka -me-: “Prosesa imeanza kubana umeme.” Ukurasa wa kumbukumbu unataka -li-: “Leo prosesa ilipunguza mwendo mara 23.” Ukiacha -me- pembeni mwa skrini kutwa nzima, kila anayeitazama anadhani jambo limetokea sasa hivi. Na hapo kwenye kumbukumbu kuwa makini na saa. Mashine inaandika 08:00, mwalimu anasoma saa nane. Andika “saa 2 asubuhi” au uache tarakimu za mashine kama zilivyo, lakini usichanganye.

Na mimi nina dhambi yangu hapa. Zamani niliandikia ofisi moja kitu kama chako. Prosesa isipokuwa na kazi huzima sehemu zake kwa muda mfupi sana, nami nikaona nipate neno zuri: “Prosesa imelala.” Katibu muhtasi akasoma, akafanya kile ambacho mtu yeyote hufanya kwa kompyuta iliyolala, yaani akabonyeza kitufe cha kuwashia ili aiamshe. Kompyuta ikazima. Akawasha, ikafunguka, ikaandika tena “Prosesa imelala”, akabonyeza tena. Barua aliyokuwa akiichapa hakuwa ameihifadhi. Tangu siku hiyo neno kulala nimeliachia kompyuta nzima inapofunikwa. Pumziko la prosesa lenyewe siliandiki kabisa, kwa sababu linatokea mara nyingi mno ndani ya sekunde moja na mtumiaji hana la kufanya nalo.

Hilo la wingi wa mabadiliko lina historia yake. Kampuni ya Intel ilipoleta SpeedStep, teknolojia yake ya kubadili kasi, mwaka 2000 kwenye prosesa za Pentium III za kompyuta mpakato, kulikuwa na kasi mbili tu: mashine ya MHz 650 ikichomolewa kwenye umeme ilishuka hadi MHz 500, basi. Ungeweza kuandika ujumbe kila ilipobadilika na usimchoshe mtu. Prosesa za leo zinapanda na kushuka muda wote, hata ukisogeza kipanya. Kwa hiyo usitangaze kila badiliko la kasi. Tangaza badiliko la sababu: imechomolewa kwenye umeme, imepata joto, msimamizi amebadili mpangilio.

Sasa hiyo “IMEWEZESHWA”. Kwetu wanaowezeshwa ni vijana na akina mama, kwenye semina. Kitufe huwashwa. Lakini chini ya neno hilo kuna mkanganyiko ambao hata watunga mifumo wenyewe wanao, kwa sababu mambo matatu tofauti yametiwa kapu moja. Kwanza, prosesa ina uwezo huo au haina. Pili, uwezo umewashwa au haujawashwa. Tatu, sasa hivi unatumika au unasubiri. Kiokoa betri kinaweza kuwa kimewekwa kianze betri ikifika asilimia 20, nayo iko 64. Kimewashwa? Ndiyo. Kinafanya kazi? Hapana. Ukimwandikia mtu “kimewashwa” na akaona hakuna kilichobadilika, kesho hakuamini. Andika “Kitaanza betri ikifika 20%”, umemaliza.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ujumbe mwingi unapodanganya bila mwandishi kujua. Bila shaka programu yako inasoma faili la scaling_governor, linalotaja kinachoamua kasi, lililo chini ya /sys/devices/system/cpu. Ikikuta neno powersave, inaandika kwamba prosesa inabana umeme. Sivyo? Basi soma na faili la jirani, scaling_driver, linalotaja draiva, yaani programu inayoendesha prosesa. Katika mfumo wa kawaida wa cpufreq (sehemu ya Linux inayopanga kasi), powersave maana yake ni moja: prosesa inakaa kwenye kasi ya chini kabisa inayoruhusiwa, haipandi hata kazi ikizidi. Lakini draiva ikiwa ni intel_pstate inayojitawala yenyewe, majina yanayopatikana ni mawili tu, performance na powersave, na hiyo powersave haikai chini. Inapanda kazi ikiwepo na kushuka kazi ikiisha. Jina ni lilelile, tabia ni tofauti kabisa. Kwa hiyo katika maabara moja unaweza kuwa na mashine mbili zenye ujumbe uleule, moja inakokota kwa MHz 800 na nyingine inakimbia hadi mwisho. Mwalimu mwenye ile ya kwanza akilalamika, usimwambie mbona ya mwenzako haina shida.

Dawa ni kutotafsiri jina la faili, utafsiri tabia. Kwa ile ya kwanza: “Kasi imewekwa chini muda wote.” Kwa ya pili: “Kasi inafuata kazi iliyopo.” Ukitaka jina la Kiswahili la hicho kinachoamua kasi, majirani zetu wa Kenya wanalo barabarani: kidhibiti mwendo, kile kilichofungwa kwenye matatu kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 zisivuke kilomita 80 kwa saa. Mfano haukai sawasawa, kwa sababu cha matatu kinaweka dari tu na cha Linux ndicho kinachokanyaga mafuta, lakini msomaji ataelewa upesi kuliko ukimwambia “gavana”, aanze kufikiria Benki Kuu.

Kuna faili jingine la intel_pstate linaloitwa no_turbo (turbo, au tabo, ni kasi ya ziada). Likiwa na 1, kasi ya ziada imezimwa. Likiwa na 0, ipo. Yaani hapana ya hapana ni ndiyo. Nimeona mtu ameliingiza kwenye dirisha lake hivyohivyo: “Hakuna tabo: Hapana.” Geuza ndani ya programu, kwenye skrini uandike “Kasi ya ziada: ipo” au “Kasi ya ziada: imezimwa”. Hesabu za ACPI (kanuni za pamoja za kusimamia umeme wa kompyuta) ziko hivyo pia: P0 ndiyo kasi ya juu, na namba ikipanda kasi inashuka. Namba hizo zisionekane na mtumiaji kabisa.

Nisikulaumu tu, nikupe na mfano wa ujumbe uliotungwa vizuri, nao unatoka mahali usipopategemea: keneli. Prosesa za Intel zina mizani ndogo ndani yake yenye namba kuanzia 0 hadi 15. Sifuri ni kukimbia bila kujali umeme, 15 ni kubana mno. BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoamsha mashine) ikiiacha kwenye sifuri, Linux huisogeza hadi 6 na kuandika: “ENERGY_PERF_BIAS: Set to 'normal', was 'performance'”. Katika keneli za zamani mstari uliofuata ulitaja amri ya kuitazama na kuibadili. Tazama ilivyobeba: ilikuwaje, sasa ikoje, na asiyependa aende wapi. Maneno yenyewe ni ya watu wa ndani, lakini hiyo mifupa unaweza kuivika nyama yako: “Kasi: wastani. Ilikuwa kasi kamili. Badilisha kwenye Mipangilio.”

Ujumbe wa keneli kuhusu joto haukubahatika hivyo. Prosesa ikivuka kiwango cha joto, keneli huandika kwamba joto la kori (sehemu ya prosesa inayofanya hesabu) limepita mpaka na saa ya prosesa, yaani mapigo yanayoamua kasi yake, imebanwa, halafu inaweka idadi ya matukio. Kwa miaka mingi mstari huo ulitoka kwa daraja la hatari kubwa, wakati kompyuta nyingi mpakato hufika kwenye mpaka huo kwa kazi za kawaida tu, na prosesa inajilinda yenyewe bila kuumia. Watu wakaogopa bure. Mwaka 2019 wahandisi wa keneli wakaushusha hadi daraja la onyo. Hawakugusa maneno, walipunguza sauti, na nafuu ikapatikana. Nawe fanya hivyo: taarifa ya kubana umeme isiwe nyekundu, isiwe na alama ya mshangao, isipige kengele.

Windows nayo ina tukio namba 37, linaloandikwa kwenye kumbukumbu zake prosesa inapobanwa kutoka chini, na huwa linahesabu hata sekunde ambazo hali hiyo imedumu. Nalisifu kwa kutaja mhusika. Bahati mbaya mhusika aliyetajwa ni programu iliyomo ndani ya bodi, ambaye mwenye kompyuta hajawahi kukutana naye. Mara nyingi chanzo chenyewe kiko mezani: chaja isiyo yake, yenye wati pungufu. Mashine zako ni za mtumba, kwa hiyo chaja nazo huenda zimechanganyika. Kama programu yako inaweza kutambua hilo, andika: “Chaja hii haitoshi. Prosesa inakwenda polepole mpaka ipate chaja yake.” Hapo mtu anajua ashike nini kwa mkono.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka GNOME, mazingira ya skrini ya Linux. Kuna kompyuta mpakato zenye kihisi kinachojua kama mashine iko juu ya mapaja ya mtu, na ikiwa hivyo kasi kamili inazuiwa isije ikamuunguza. GNOME inamwambia mtumiaji kwamba mashine imehisiwa ikiwa mapajani, kasi kamili haipatikani, aihamishie mahali imara. Sababu, matokeo, la kufanya. Kwa Kiswahili tuna zawadi hapa, kwa sababu kitenzi cha kumweka mtoto au kitu mapajani tunacho, na jina la mashine yenyewe limetokana nacho: “Kompyuta imepakatwa, kwa hiyo kasi kamili imezuiwa. Iweke mezani.” Kauli ya kutendwa imerudi, umeona, na safari hii haitishi, kwa sababu aliyepakata anajijua.

Kwa majina ya mipangilio mitatu ambayo GNOME inayo, mimi ningeandika Bana umeme, Wastani na Kasi kamili. Ile ya katikati wengi huiita “Mizani” au “Linganifu”. Mizani ni ya duka la nyama, na linganifu nenda kaulize ofisi ya walimu uone.

Mambo ya mafundi wa programu nitayapitia haraka. “Imepunguzwa kwa MHz 800” na “imepunguzwa hadi MHz 800” si kitu kimoja: mashine ya MHz 2400 katika ile ya kwanza imebaki na 1600, katika ya pili imebaki na 800. Nimekuta kosa hilo ndani ya programu ya watu wanaolipwa. Kisha usiunge ujumbe vipandevipande, jina huku na “imewashwa” kule, kwa sababu jina likibadilika ngeli inabadilika nalo: prosesa imewashwa, mwendo umewekewa kikomo, kiokoa betri kimewashwa, vihisi vimezimwa. Andika kila sentensi nzima peke yake hata kama zinafanana. Na kwa hesabu, gettext (zana ya kutafsiri programu) inakupa maumbo mawili kwa Kiswahili, umoja na wingi, uyatumie yote: “Kori 1 imezimwa”, “Kori 2 zimezimwa”.

Kwa hiyo pembeni mwa skrini weka hivi: “Prosesa inabana umeme.” Mtu akipeleka mshale juu yake, ifunguke sentensi ya pili: “Mashine ni nzima. Msimamizi ameweka kikomo cha MHz 1600 ili betri za sola zifike jioni.” Hiyo “mashine ni nzima” wataalamu wenzangu watasema imezidi. Iache wiki mbili tatu mpaka watu wazoee, ndipo uiondoe.

Kuhusu dmesg: usitafsiri. Keneli ya Linux yenyewe haitafsiri taarifa zake, na inafaa iwe hivyo, kwa sababu mstari ule ni kama namba ya chesesi. Fundi anaunakili jinsi ulivyo na kuutafuta, akikuta wenzake duniani waliokutana nao. Ukiugeuza Kiswahili umemfungia mlango huo. Badala yake weka kitufe kimoja, “Nakili maelezo ya fundi”, kinakili mistari ya dmesg inayohusu prosesa bila kugusa herufi, pamoja na yaliyomo kwenye scaling_driver na scaling_governor. Ukikimaliza leo, kijaribu kwenye mojawapo ya zile ulizobaki nazo, zenye mpangilio uleule, na hayo maelezo umtumie yule fundi kwa WhatsApp kabla hajamuuzia mwalimu RAM.